Wangari Maathai: Mama wa Milimani na Mto Unaofika Kinakomba

Ukipanda matatu kutoka Pangani kuelekea Parklands, unapita kwenye barabara yenye jina lake. Zamani iliitwa Forest Road. Tangu 2016 ni barabara ya Profesa Wangari Maathai. Umepita hapo mara ngapi ukiwa umeinamia simu? Wengi wetu tunalijua jina. Tunaijua ile picha ya mama mwenye kilemba cha rangi kali, anacheka meno yote nje. Tunajua alipanda miti na akapewa tuzo ya Nobel. Tukiulizwa zaidi ya hapo, tunaanza kuguna.

Alifariki 2011. Kama una miaka 20 leo, wakati huo ulikuwa nasari unalilia uji. Kwako wewe ni mtu wa vitabu vya shule, umemweka rafu moja na Mekatilili. Basi leo nipe dakika chache nikusimulie maisha yake, lakini nitayasimulia kutoka upande ambao hauzoeleki, upande wa chini ya mto. Mimi kwetu ni Kinakomba.

Kama hujawahi kufika, Kinakomba ni sehemu ya Galole, kaunti ya Tana River, pande za Hola. Wakulima wengi kando ya mto ni Wapokomo, na huko nyuma ya mashamba wako wafugaji, Waorma na Wardei. Mvua yetu ni ya kubahatisha. Kinachotulisha ni mvua ya watu wengine, inayonyesha mamia ya kilomita juu huko, Mlima Kenya na milima ya Nyandarua. Inateremka kwa mito kama Gura, Chania na Sagana, inakuwa Mto Tana, inapita mabwawa, inapita Garissa, inatupitia sisi, halafu inaenda Garsen na kuingia baharini pande za Kipini. Safari nzima ni karibu kilomita 1,000. Na usidhani wewe wa Nairobi hayakuhusu. Maji ya bwawa la Ndakaini, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya maji ya mfereji wako, yanatoka milima hiyo hiyo. Tunakunywa chungu kimoja, ni vile tu wewe unachota kwanza.

Sasa, Wangari alizaliwa pale pale juu, mlangoni mwa chungu.

Ilikuwa tarehe 1 Aprili 1940, kijiji cha Ihithe, Nyeri, karibu kabisa na msitu wa Nyandarua. Baba yake alifanya kazi kwenye shamba la mzungu huko Nakuru, na Wangari alikaa huko akiwa mdogo kabla ya mama yake kumrudisha Ihithe ili asome. Karibu na nyumbani kulikuwa na mugumo mkubwa, na pembeni yake kijito. Mama yake alimkataza kuokota kuni za mti ule, kwa sababu kwa Wakikuyu mugumo ni mti wa Mungu. Mtoto akawa anaenda kuchota maji na kuchezea mayai ya vyura kwenye kijito, akijaribu kuyavaa shingoni kama shanga. Yalikuwa yakimpasukia mkononi kila siku, na kila siku alijaribu tena.

Shika hiyo picha ya mti na kijito. Tutairudia.

Wasichana wa wakati ule hawakuwa wanapelekwa shule hivi hivi. Inasemekana ni kaka yake mkubwa aliyeuliza kwa nini Wangari haendi shule kama wao, na mama akaamua aende. Akasoma Ihithe, kisha bweni kwa watawa wa Kikatoliki Mathari, Nyeri, kisha Loreto Limuru, akamaliza 1959. Mwaka uliofuata akapata nafasi kwenye mpango wa kuwapeleka vijana wa Afrika Mashariki kusoma Marekani, ule uliosukumwa na Tom Mboya na kusaidiwa na ukoo wa Kennedy. Septemba 1960 akasafiri hadi Kansas, kwenye chuo kidogo cha watawa katika mji wa Atchison. Alisoma baiolojia, akahitimu 1964, akaongeza shahada ya pili Pittsburgh 1966.

Akarudi Nairobi akiwa na barua ya kazi ya chuo kikuu mkononi. Alipofika akaambiwa nafasi imepewa mtu mwingine. Sijui kama wewe umewahi kutafuta kazi mji huu na vyeti vyako ndani ya bahasha ya kaki, lakini kama umewahi, unaijua ile safari ya kurudi nyumbani. Yeye alizunguka mpaka akapata kazi kwenye idara ya anatomia ya mifugo. Akaenda Ujerumani kwa muda, akarudi, na 1971 akawa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya udaktari wa falsafa. Alikuwa na miaka 31. Mwaka 1976 alikuwa mkuu wa idara yake.

Hapo ndipo mto unaanza kuingia kwenye stori, na unaingia kwa mlango wa ajabu kidogo: kupe.

Alikuwa anafanya utafiti kuhusu ugonjwa wa ng'ombe unaoletwa na kupe, kwa hiyo alitoka sana kwenda mashambani kuwaokota. Wakati wa mvua aliona mito ikiteremka rangi ya kahawia. Akakumbuka kwamba alipokuwa mtoto maji yalikuwa safi, unaona mpaka chini. Udongo wa shamba ulikuwa unaondoka na maji. Aliona pia ng'ombe waliokonda, akina mama wanaotembea mbali kutafuta kuni, na watoto waliokosa lishe kwa sababu mama hana kuni za kupika chakula cha kuchemka muda mrefu. Yeye aliyetoka nyumbani kutafuta kupe akagundua kwamba adui mkubwa wa ng'ombe hakuwa kupe.

Na kule Ihithe? Mugumo ulikuwa umekatwa. Mwenye shamba mpya aliona unamlia nafasi, akaukata ili apande chai. Na kijito kikakauka. Wangari aliyesoma baiolojia mabara matatu sasa akaelewa alichokatazwa na mama yake. Mizizi mirefu ya mti ule ilikuwa inapenya mwamba na kufungulia maji ya chini njia ya kutoka, na ilikuwa inashika udongo wa mteremko. Wazee walisema ni mti wa Mungu, hawakuchora mchoro, lakini hesabu yao ilikuwa sawa.

Niongeze jambo moja hapa ambalo mtu wa milimani huenda asikwambie. Sisi Kinakomba matope ya mto si adui yetu moja kwa moja. Babu zetu walilima kwa kufuata mafuriko. Mto unafurika, unarudi, unaacha udongo mpya wenye rutuba, na kwenye udongo huo unapanda mpunga, mahindi na ndizi. Mto ulikuwa na ratiba yake na watu waliijua. Shida ni pale udongo unapomomoka kwa fujo kule juu halafu unajazana kwenye bwawa la Masinga, lililofunguliwa 1981, wakati sisi huku chini tunapata maji kwa vipimo vya watu wanaozalisha umeme. Kuna mabwawa matano ya umeme juu yetu: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Simu yako imechajiwa na mto wetu, karibu sana. Lakini bwawa likijaa matope linashika maji kidogo wakati wa kiangazi, na wakati wa masika linafurika haraka. Kwa hiyo yule mama aliyekuwa akitazama maji ya kahawia miaka ya 1970 alikuwa anatazama maisha yetu yakipita, hata kama hakuwa amefika kwetu.

Turudi kwake. Jibu lake lilikuwa rahisi kiasi kwamba watu walicheka. Akina mama hawana kuni, hawana maji, hawana lishe? Wapande miti.

Mwanzo ulikuwa mbaya, na mimi hupenda sana sehemu hii kwa sababu kwenye sherehe huwa inarukwa. Kwanza alianzisha kampuni ndogo ya kupanda miti ili kuwapa kazi watu wa eneo ambalo mumewe alikuwa mbunge, Lang'ata. Ikafa. Miche mingi ikakauka kwa sababu maji yalikuwa ya mgao. Tarehe 5 Juni 1977, akiwa na Baraza la Kitaifa la Wanawake, akapanda miti saba uwanja wa Kamukunji, kila mmoja kwa heshima ya shujaa wa jamii tofauti ya Kenya. Miaka mingi baadaye, kati ya ile saba ni miwili tu iliyokuwa bado imesimama. Huo ndio mwanzo wa Vuguvugu la Green Belt. Saba ikapandwa, mitano ikafa.

Halafu wataalamu wa misitu wakamwambia kwamba huwezi kumpa mama wa kijijini kazi ya kupanda miti, kazi hiyo inahitaji diploma. Nilipolisoma hilo nilicheka peke yangu ndani ya matatu. Mimi chuo nilikiacha mwaka wa pili, karo ilishinda nguvu, kwa hiyo stori yoyote ya diploma inanipata mahali. Wangari, ambaye alikuwa na vyeti kuliko wao wote, aliwaambia akina mama watumie akili ile ile wanayotumia kupanda maharagwe. Chukua mbegu za miti ya kwenu, weka kwenye kopo lililopasuka, mwagilia, angalia. Walilipwa pesa kidogo sana, kama senti nne za dola, kwa kila mche ulioota na kushika. Angalia hapo: si kwa mche uliopandwa, ni kwa ulioishi. Kufikia 2004 walikuwa wamepanda zaidi ya miti milioni 30.

Nyumbani mambo yalikuwa yanaharibika. Mumewe, Mwangi Mathai, aliondoka 1977 na kuwaacha na watoto watatu. Kesi ya talaka ilisikilizwa hadharani, magazeti yakaila kama sinema. Aliposhindwa, alimwambia mwandishi wa jarida kwamba hakimu yule ama hajui kazi ama ameshawishiwa, na kwa maneno hayo akahukumiwa miezi sita jela. Alikaa siku tatu akaachiliwa. Mumewe akataka aache kutumia jina lake. Wangari akaongeza herufi moja, Mathai ikawa Maathai, akaendelea na maisha. Mwaka 1982 aliacha kazi ya chuo kikuu ili agombee ubunge, akazuiwa kugombea kwa sababu za usajili, na alipotaka kurudi kazini akakuta mlango umefungwa. Miaka 42, hana mume, hana kazi, ana watoto watatu na vuguvugu la miche.

Kilichofuata ndicho kilichomfanya ajulikane, na pengine unakijua kwa juu juu. Mwaka 1989 serikali ya Rais Moi ilitaka kujenga jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, pamoja na sanamu ya rais mwenyewe. Wangari aliandika barua. Barua kwa wizara, kwa jiji, kwa Umoja wa Mataifa, kwa balozi. Bunge likasimamisha shughuli zake kumjadili na kumtukana. Moi alisema hadharani kwamba mwanamke mwenye adabu za Kiafrika anatakiwa kuwaheshimu wanaume na kunyamaza. Green Belt ikafukuzwa ofisi ya serikali, na wafanyakazi wakahamia ndani ya nyumba yake South C. Yaani sebule ikawa ofisi. Lakini wafadhili wa nje wakaanza kuogopa mradi, na ule mnara haukujengwa kamwe. Ukikaa Uhuru Park leo na mtu wako mnakula njugu, kumbuka mko mahali palipotakiwa kuwa mlango wa lifti.

Mwaka 1992 alikaa na akina mama waliokuwa wakidai wana wao waachiliwe, wafungwa wa kisiasa, pale kona ya Uhuru Park inayoitwa Freedom Corner mpaka leo. Polisi wakaja na virungu na gesi ya machozi, akapigwa mpaka akazimia. Akina mama wakahamia kanisa la All Saints na kukaa humo karibu mwaka mzima, hadi wengi wa wafungwa walipoachiliwa mapema 1993.

Halafu Karura. Mwaka 1998 watu wakagundua kwamba msitu wa serikali, katikati ya jiji, umegawanywa vipande kwa watu wenye majina makubwa. Tarehe 8 Januari 1999 Wangari alienda pale na wabunge na wanahabari kupanda mche mmoja langoni. Walivamiwa na kundi la walinzi wa kukodiwa, akapasuliwa kichwa. Alipofika polisi kuandikisha taarifa, alitia sahihi kwa damu yake mwenyewe. Wiki hizo hizo wanafunzi wa vyuo vikuu vya Nairobi na Kenyatta waliandamana kuutetea msitu, wakapambana na polisi. Nakuambia hili kwa sababu siku hizi wazee hupenda kusema vijana wa Kenya wamejua kuandamana juzi. Agosti mwaka huo Moi alipiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma. Leo Karura ina hekta zaidi ya 1,000, unaenda kukimbia Jumamosi na kupiga picha za maporomoko.

Siasa ilipobadilika 2002, watu wa Tetu walimchagua mbunge kwa asilimia 98 ya kura. Akawa naibu waziri wa mazingira. Na tarehe 8 Oktoba 2004, akiwa barabarani kuelekea Nyeri, simu ikalia kutoka Norway. Alikuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika kupewa Nobel ya Amani. Aliposhuka kwenye gari kwenye hoteli ya Outspan, alifanya nini? Akapanda mti, uso ukiwa umeelekea Mlima Kenya.

Watu wengi duniani waliuliza miti inahusiana vipi na amani. Wewe kama umekulia Tana River, hilo huulizi.

Mwaka 2008 ndipo Wangari alipokuja chini kabisa ya mto wetu. Kampuni ya sukari ya Mumias pamoja na mamlaka ya TARDA walitaka kulima miwa kwenye hekta kama 20,000 za delta ya Tana, upande wa Garsen, kwa ajili ya sukari na mafuta ya magari. Delta ni pale mto unapojigawa kabla ya bahari, kuna mabwawa, nyasi, mikoko, viboko na ndege wa kila aina. Wakati wa kiangazi wafugaji huleta ng'ombe kutoka mbali sana, kwa sababu ndiko pekee kunakobaki kijani. Mamlaka ya mazingira ilikubali mradi. Wangari akatoka hadharani kupinga, akasema huwezi kuchezea ardhioevu kama ile kwa sababu tu tunataka sukari na mafuta. Wenyeji wakaenda mahakamani Malindi na mradi ukasimamishwa kwanza.

Kusema ukweli, si kila mtu wa kwetu alifurahi. Kuna vijana walioona ajira zikiyeyuka, na mimi siwalaumu. Ukiwa huna kazi, mtu wa Nairobi anayekwambia uhifadhi ndege anaudhi. Lakini fikiria maji. Miwa inakunywa maji mwaka mzima, na mto ule ule una mkulima wa Kinakomba, mfugaji wa Garsen na mvuvi wa Kipini.

Ndiyo, mvuvi. Mto haumaliziki Garsen. Maji ya Tana yakiingia Ghuba ya Ungwana yanapeleka baharini rutuba inayolisha kamba na samaki. Mto ukiwa dhaifu, bahari inapanda ndani: pande za Ozi na Kipini wakulima wameona maji ya chumvi yakiingia mashambani na kuua mpunga na miembe. Na nje kidogo ya hapo, kuanzia Julai hadi Septemba hivi, wanapita nyangumi wenye nundu. Wanatoka kwenye barafu ya kusini mwa dunia, wanakuja maji yetu ya joto kuzaa. Watamu siku hizi kuna mashua zinazowapeleka watu kuwaangalia wakiruka, na mnyama wa tani 30 akiruka mbele yako, hata mwenye maneno mengi hunyamaza. Wangari hakuwa mtu wa nyangumi. Nawataja kwa sababu mbili. Ya kwanza, nyangumi ni kama miti ya baharini. Wanakotoka, kinyesi chao kinarutubisha viumbe vidogo vya kijani vinavyovuta hewa ya kaboni, na nyangumi akifa anazama na kaboni yake chini kabisa. Ya pili, waliwindwa karne ya 20 mpaka wakakaribia kuisha. Uwindaji ukazuiwa, na wameongezeka tena, kwa wingi. Ni kama Karura. Uliacha kukata, msitu ukarudi.

Miaka hiyo Wangari mwenyewe alikuwa anaongea zaidi kuhusu tabianchi. Mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu tabianchi ulipofanyika Nairobi, Novemba 2006, alikuwa mlezi wa kampeni ya kupanda miti bilioni moja duniani. Alikuwa pia balozi wa msitu wa bonde la Kongo. Hoja yake ilikuwa kwamba Afrika imechangia moshi kidogo sana na itaumia sana, na kwamba kulilalamikia hilo hakutuzuii kulinda misitu tuliyo nayo. Nyumbani hakuwa anashinda kila kitu. Uchaguzi wa 2007 watu wa Tetu hawakumrudisha bungeni. Nabii na nyumbani, unajua tena.

Alifariki tarehe 25 Septemba 2011, Nairobi Hospital, kwa saratani, akiwa na miaka 71. Alikuwa ameagiza asizikwe kwenye jeneza la mbao. Likatengenezwa la mianzi, mafunjo na yale magugu maji yanayosumbua Ziwa Victoria. Mwili ulichomwa Kariokor, na majivu yapo Kabete, kwenye taasisi yenye jina lake.

Hakuuona mwaka uliofuata kwetu. Agosti 2012 delta ya Tana ililipuka. Wakulima na wafugaji waliuana kwa miezi, kijiji hiki leo, kile kesho. Zaidi ya watu 100 walikufa, wakiwemo watoto. Wanasiasa walikuwemo, kwa sababu uchaguzi ulikuwa unakaribia, lakini ukiuliza mzee yeyote atakuanzia na maji na malisho, nani apite wapi kwenda mtoni. Wiki hizo hizo, Septemba 2012, delta iliorodheshwa kuwa ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa chini ya mkataba wa Ramsar. Karatasi moja ilikuwa inatiwa sahihi na huku vijiji vinachomwa.

Tangu hapo hali ya hewa imetufanyia zamu. Kuanzia mwishoni mwa 2020 mvua ilikosa misimu mitano mfululizo, mizoga ya ng'ombe ikalala kando ya barabara ya Garissa. Halafu Novemba 2023 ikaja El Niño pamoja na joto la Bahari ya Hindi, mto ukapasua kingo na vijiji vikahamia kwenye mahema. Tarehe 13 Novemba 2023 serikali ilitangaza sikukuu ya taifa ya kupanda miti, kwenye mpango wake wa miti bilioni 15 kufikia 2032. Nchi nzima ikapiga picha na miche. Sisi siku hizo tulikuwa tunatafuta mahali pakavu pa kulala. Na miezi minne kabla, Julai, serikali hiyo hiyo ilikuwa imetangaza kuondoa marufuku ya kukata miti. Aprili 2024 maji yakarudi tena, na mashua ikapinduka pale Kona Punda karibu na Madogo, watu wakafa maji mahali ambapo kwa kawaida hupita gari.

Miti peke yake isingezuia El Niño, na mtu akikwambia hivyo anakuuzia kitu. Bahari ikipata joto, mvua itakuja. Lakini mteremko wenye msitu unayashika maji kidogo, unayaachilia taratibu, na mteremko uliokwanguliwa unayatupa yote kwa siku moja pamoja na udongo wake. Tofauti hiyo ukiwa Nyeri huioni sana. Sisi tunaipima kwa alama ya matope ukutani, juu ya kitanda.

Ukiwa na Jumamosi na nauli, nenda Karura, kisha siku moja uje Hola. Basi ni usiku kucha na barabara inategemea msimu. Mto utaukuta upande wako wa mashariki, rangi ya kahawia.